Mbuzi wa Msimu wa Karafuu

Jumatano, Chake Chake. Tangu asubuhi wingu limetanda na mvua haitaki kunya. Miguu inaniuma, sauti imenikauka, na moyo wangu mweupe kabisa. Bora niandike sasa, kabla sijaanza kujipamba kwa maneno.

Leo tulikuwa na kikao cha mpango wa kupunguza ajali za barabarani, mpango mmoja wa Pemba nzima. Walikuja polisi, watu wa hospitali, walimu, masheha, madereva, na kina mama wa vijiji vya kando ya barabara. Mimi ni karani tu. Kazi yangu ilikuwa kukusanya taarifa za ajali kutoka wilaya zote nne na kuzitia kwenye jaduali: wapi, lini, kwa sababu gani.

Niungame. Ndani ya jaduali hilo mna uongo nilioutia kwa mkono wangu.

Msimu uliopita mume wangu, Hamad, alianguka na pikipiki kwenye kona iliyo mbele ya nyumba ya mama, njia ya Mkoani. Mguu ulivunjika, na hadi leo anatembelea mkongojo. Aliwaambia watu wote kwamba alikuwa akimkwepa mbuzi. Lakini nguo zake nilizifua mimi, na mfuko wa shati ulikuwa na karafuu. Kwetu lami ndiyo inayokausha upesi, kila mtu anaanika pembeni, na majamvi yakizidi yanaingia njiani bila ya mtu kuona kosa. Hamad aliteleza juu ya jamvi la mama. Mama alikuwa shambani anachuma, na majirani wakazizoa karafuu kabla hajarudi. Hamad hakutaka mkwewe aishi na mzigo ule. Nami nikaandika "mbuzi", nikanyamaza.

Basi leo jaduali likabandikwa ukutani. Askari mmoja akalitazama weee, kisha akauliza, "Samahanini jamani, mbuzi wa Pemba mbona wanavuka barabara msimu wa karafuu tu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Halafu kicheko kikafifia, watu wakaanza kutazama viatu vyao.

Ya Rabi, kumbe si mimi peke yangu! Kila kijiji kilikuwa na mbuzi wake. Huyu anamsitiri mama yake, yule shangazi, yule jirani.

Mwenyekiti alikuwa keshaanza kutamka azimio la kufunga mifugo. Nimeshika kalamu niliandike. Nikisema, namfedhehesha mama mbele ya watu. Nikinyamaza, mwengine ataanguka pale pale, na pengine asiinuke, nasi tumeshughulika na mbuzi.

Aliyesimama ni mama. Alikuwa safu ya nyuma pamoja na wenzake, nusu yao wanachungulia wingu dirishani kwa sababu karafuu ziko nje.

"Mkwe wangu hakukwepa mbuzi," alisema. "Kateleza kwenye karafuu zangu. Niliziona zina damu. Nimekaa kimya kwa kuona haya, Mungu anisamehe. Tutafutieni pahala pa kuanika, na sie tutatoka barabarani."

Baada yake akasimama sheha, kisha bibi mmoja wa Wingwi, kisha mwengine. Hadi adhuhuri tulikuwa tumekubaliana kwamba kuanzia kesho kona zote ziachwe wazi, na kabla ya msimu ujao kila kijiji cha kando ya barabara kiwe na sakafu yake ya kuanikia, mbali na lami. Ofisini tusingeliandika hilo hata tungekaa mwaka.

Nilimrudisha mama nyumbani nimemshika mkono. Alipomkuta Hamad barazani alimwambia, "Ahsante mwanangu, lakini usinidanganye tena."

Hamad akajikuna kichwa. "Kwa hivyo yule mbuzi kaachiwa?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikalia mimi.

Sasa hivi nimelifungua jaduali. Nimefuta "mbuzi", nimeandika "karafuu barabarani", na kesho nitawapigia simu masheha wa vijiji vilivyobaki niwaombe nao wamfute mbuzi wao.

Nina mama mkweli na mume muongo, na wote wawili ninao, wazima. Alhamdulillahi.