Mtandio wa Bikira Kiunoni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Wilaya ya Nane, Budapest. Tarehe 14 Novemba, saa tisa alasiri.
Jina: Danyi Aranka. Umri: miaka 51. Kazi: fundi cherehani. Makazi: Wilaya ya Nane, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Yosefu.

Nimekuja kwa hiari yangu, na naomba yaandikwe kama ninavyoyasema. Yule bibi mliyemweka mahabusu anaitwa Rostás Terka. Amewaambia hana mtoto wala ndugu. Si kweli. Ni mama yangu mzazi. Na Danyi Ramóna, mbunifu mwenye maonyesho yale ya mavazi, ni binti yangu wa kumzaa.

Ramóna anashona mavazi yetu ya Kiroma, sisi mnaotuita Wajipsi, kwa mtindo wa kisasa, na nakshi zake anazitoa kwenye picha za ibada tulizotundika majumbani: Moyo Mtakatifu, malaika, Bikira Maria na maua yake. Mtandio uliozua kesi hii aliuchora kutoka picha iliyo juu ya kitanda cha bibi yake. Uso wa Bikira aliudarizi mama mwenyewe kwa mkono, na macho yake yalivyochoka. Jana niliubana mabegani mwa sanamu la kuvalishia nguo, ukakaa vizuri.

Leo, majira ya saa tano asubuhi, nilimleta mama ukumbini aone kazi yake. Mtandio haukuwa mabegani. Mwanamke anayevalisha masanamu alikuwa ameufunga kiunoni, uso wa Bikira ukawa juu ya makalio.

Afande, wewe si Mroma, kwa hiyo hili liandike polepole. Kwetu, kilichopita chini ya kiuno cha mwanamke kimechafuka. Sketi haifuliwi beseni moja na blauzi. Kikombe kikiguswa na sketi, hakinywewi tena. Sasa huyo ni Mama wa Mungu.

Mama alimuuliza yule mwanamke, "Bikira unamfunga huko kama aproni?"

"Bibi, huo ni mtindo tu."

"Mtindo huo kamfunge mama yako."

Mimi nikamvuta Ramóna pembeni. Nikamuuliza kama ameona.

"Nimeona, mama. Lakini wanunuzi kutoka Vienna wameshaingia. Nikianza ugomvi watasema ndio hao Wajipsi. Nivumilie hadi waondoke, nakuomba."

Hakuniangalia usoni. Nilikasirika, na bado nilimwonea huruma, maana najua alivyohangaika kufika pale.

Tukiwa bado tunanong'ona, mama alikuwa ameshapanda jukwaani anafungua fundo. Naona umeandika "alipora". Futa. Alifungua fundo kwa vidole vyake. Mlinzi akamshika mkono, mama akajinasua, sanamu likaangukia kabati la kioo, na mlinzi akakatika kiganja. Hilo la damu ni kweli, na namwomba radhi.

Meneja wa ukumbi akamgeukia Ramóna mbele ya wageni. "Huyu bibi unamjua?"

Binti yangu akasema, "Simjui."

Mama alisikia. Alikunja mtandio, akaukumbatia kifuani, akamwambia meneja, "Na mimi simjui huyo binti. Nimeingia tu kutoka barabarani." Nilipofungua mdomo alinikazia macho kama alivyofanya nilipokuwa mtoto, nikanyamaza. Nilinyamaza hadi gari lenu likaondoka naye, Mungu anisamehe.

Nimekuja kwa sababu ana kisukari, na sindano yake ya mchana ninayo mimi mkononi. Nimempigia Ramóna simu, hapokei. Wakili sina. Hata nikifikiria, sijui niende wapi tena zaidi ya hapa. Akisema hana mtu, msimwamini. Ana mimi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nimeyakubali, natia sahihi.

(Sahihi) Danyi Aranka

Maelezo ya afisa: Dawa imepokelewa na mtuhumiwa amechomwa sindano. Baadaye aliletwa mbele ya shahidi ili amtambue. Alijibu, "Mama huyu simjui." Shahidi alilia. Mtuhumiwa alipokuwa akirudishwa ndani, aliomba koti lake yeye apewe mama huyo asiyemjua, kwa kuwa nje kuna baridi na amekuja bila kitu mabegani.

Sajini Bodnár