Kiti Changu na Mgongo Wako

Mpendwa mkwe wangu,

Kwa heshima zote, na mbele ya mashahidi, nawatangazia watu wa Myanga, wa Bokoli na wa Kitale kwamba mimi, mjane, mama wa mke wako, nimenunua kiti cha kukunja. Ni cha turubai ya kijani, kinabebeka kwapani, na mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Habari hii imhusu anayehusika. Wewe unahusika.

Nakuandikia kwa sababu sina njia nyingine. Tangu umwoe Nekesa, mimi na wewe hatujatazamana usoni. Desturi unaijua: mkwe hali mbele ya mama mkwe, haketi alipoketi, na wakikutana njiani mmoja aingie kwenye mahindi. Mchungaji anasema hayo ni mambo ya giza. Lakini yule mzee wa kanisa aliyekuwa akitikisa kichwa kukubali, nimemwona kwa macho yangu amejikunyata nyuma ya kichaka, mama mkwe wake akipita na kuni. Basi desturi tunayo. Ila kuhusu barua haikusema kitu. Tena nimeifanya barua ya wazi, kila mtu aisome, maana ya siri ingekuwa kama tumekaa wawili.

Kumbukumbu zetu, mkwe, karibu zote kwangu ni za mgongo wako. Naukumbuka ulipokuja na wazee kumposa Nekesa, nami nimejificha nyuma ya ghala nikisikiliza. Sauti yako ilinipendeza. Ilikuwa ya chini, sauti ya mtu asiye na haraka. Naukumbuka tena mwaka ule mume wangu alipokufa. Ulikuwa unaniachia sukari mlangoni, unakohoa ili nijue, halafu mgongo unashuka kuelekea mtoni. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mtoto ana mgongo mwema.

Halafu ukaniudhi.

Wanawake wa Myanga walikuwa wameanzisha chama chao cha kufuma na kusoma, kila Jumanne kwenye baraza ya kanisa. Nekesa akakitamani. Hakuwa na sindano za kufumia, kwa hiyo alichukua spoku za baiskeli kuukuu, akazinoa juu ya jiwe mpaka zikang'aa. Ulizitupa chooni. Alikuja kwangu akilia, akanipa maneno yako kama yalivyo, maana nilimfundisha asipunguze habari.

"Amesema mke wake hawezi kukaa akifuma na wake za watu. Amesema, ati, 'Unataka kwenda wapi? Si umwangalie mama yako? Shamba, jiko, kanisa, basi. Jembe ndilo anajua, na hajafa.'"

Nilikuwa napukuchua mahindi. Niliendelea kupukuchua. Kilichoniuma, mkwe, ni kwamba ulisema kweli. Njia yangu ya mtoni nilikuwa nimeikanyaga mpaka ikawa mfereji. Kanisani benchi langu lilikuwa na alama yangu. Tangu nifiwe, aliyebaki wa kubishana naye alikuwa jogoo, na hata yeye alikuwa ameanza kunikubalia.

Jumanne iliyofuata nilienda mimi.

Aliyenipokea ni Mama Rispa, mke wa fundi seremala, mwanamke ambaye akicheka benchi linasikia. "Umechelewa, mama," akasema.

"Kwani mmeanza saa ngapi?"

"Mwaka jana." Akanisogezea mkeka.

Kufuma kulinishinda. Soksi yangu ya kwanza ingemfaa kuku. Herufi nilikuwa nimeanza kujifunza mwenyewe kwenye magunia ya sukari, kwa hiyo huko sikuaibika sana. Lakini chama kilikuwa pia na kamba, ile nene ya kuvutia magogo. Wakimaliza kusoma waligawanyika pande mbili wakavutana, kwa furaha tu. Mama Rispa aliniangalia miguu, akaniambia nikae mwisho wa kamba. "Hapo panataka mtu asiyeng'oka," akasema. "Mama, hiyo miguu ni ya jembe."

Jembe langu lilisifiwa siku hiyo, mkwe, mara ya kwanza tangu nilishike.

Tulitoka pale na kiu, tukaingia hoteli ya sokoni. Nakuapia sikujua. Ulikuwa pale katikati ya rafiki zako, chai mkononi, andazi mdomoni. Ukaniona. Kutafuna huwezi, kutema huwezi. Ukatoka kwa dirisha.

"Mbona anaruka? Kuna nyoka?" mmoja akauliza.

"Si nyoka. Ni mama mkwe."

"Heri nyoka. Nyoka angeondoka."

Niliagiza chai. Nikainywa polepole, na andazi nikalila pia. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kazi nyingine mama mkwe anaweza kufanya duniani.

Jumanne zote zikawa za hoteli. Jumamosi, ulipokwenda kutazama mpira, nami nilianza kuupenda mpira. Sikujua nani anashinda, lakini nilikaa palepale ulipozoea kukaa. Ulikuwa unaimba besi kwenye kwaya. Nikajiunga na kwaya. Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba wimbo umebaki bila miguu, nami nikamwambia Mungu anasikia hata sauti nyembamba. Mwishowe ulibaki na duka lako la mablanketi na nyumba, nyumba na duka. Nikasema, sasa tumekutana.

Ukawatuma wazee na blanketi, nilipokee, tushikane mikono, aibu iondoke kama desturi inavyoruhusu. Nililijaribu mbele yao. Nikasema ni fupi.

"Mama, hili linafunika ng'ombe," akasema Mama Rispa, aliyekuwa amekuja kushuhudia.

"Basi apelekewe ng'ombe."

Ukafunga duka, ukahamia Kitale, ukamchukua Nekesa. Hapo uliniweza, nisidanganye watu wanaosoma. Jumanne ile sikwenda chamani. Nililala mchana, jambo ambalo sikuwahi kufanya hata nilipofiwa. Jioni nikasikia kelele uani. Chama kizima kilikuwa pale na udongo na maji, wameanza kuukandika ukuta wangu uliopasuka. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyeniuliza nina nini. Mama Rispa alinipa ndoo tu, akasema, "Mwenye nyumba hachoti maji?"

Nikaenda nikachota. Na tangu hapo, mkwe, kuna siku narudi kutoka kwenye kamba, au kwenye kwaya, nafika mlangoni ndipo nakumbuka kwamba siku nzima sijakuchukia. Inanibidi nianze jioni.

Lakini Jumamosi iliyopita sikusahau. Lori lilitupeleka Kitale kuvutana na wanawake wa huko. Tuliimba mpaka Kiminini, tukanunua ndizi, tukaimba tena. Tulipofika niliwaambia wenzangu watangulie uwanjani. Nikavuka barabara, nikakikunjua kiti changu mbele ya duka lako. Mlango ukafungwa. Kisha dirisha. Wateja walikuja wakaniuliza, "Mama, mwenye duka yuko?"

"Yuko," nikawajibu. "Anaheshimu."

Nilikaa mpaka filimbi ya uwanjani ilipolia, nikakunja kiti, nikaenda. Wewe hukutoka, kwa hiyo hukuona nilichoona. Upande wa pili wa kamba, mwisho kabisa, mahali pa mtu asiyeng'oka, alisimama Nekesa. Amevaa sweta nyekundu aliyoifuma mwenyewe. Wanawake wa Kitale, wengine wa kutoka Nyeri ambao hata lugha yetu hawaijui, walikuwa wanamwita kwa jina kama dada yao. Alicheka aliponiona. Halafu akakaza miguu. Ile miguu naijua.

Hicho ndicho kisasi changu, mkwe. Ulizitupa spoku chooni, na sasa mke wako anavuta kamba mbele ya mji mzima, wewe umejifungia gizani kati ya mablanketi. Hata walipotuvuta tukaanguka kifudifudi, mdomo umejaa vumbi, mimi ndiye niliyeshinda.

Kaa salama huko ndani. Nitakuja tena mahindi yakishavunwa, na kiti nitakibeba.

Ni mimi,
mama wa mke wako.

Nilisahau jambo. Nilimuuliza Nekesa uzi wa sweta ile aliutoa wapi. Ulimnunulia wewe.