Mkasi wa Nasiri

Biryogo, Kigali
Jumapili, 16 Mei 1993

Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumaini goti lako limetulia na kwamba huko Bukoba mnalala usingizi. Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Mama husali akiwa amekaa, lakini chakula hakatai. Mimi bado ni karani katika ile kampuni ya chai. Kila asubuhi hupita vizuizi vya barabarani nikiwa nimeshika kitambulisho mkononi kabisa, wasije wakaona mkono wangu ukiingia mfukoni.

Barua hii sikuipeleka posta, maana za posta siku hizi hufika zimeshafunguliwa. Nimempa Cassien, dereva wa lori la kampuni linalokuja huko. Ni mtu mwema, lakini hajui yaliyomo. Ukishaisoma, ichome.

Shangazi, Nasiri hayupo. Mwezi uliopita kaka yangu, mwanao uliyemlea kwa mikono yako, alitoka asubuhi kupeleka suti ya bwana harusi Kinyinya. Wenye harusi wanasema suti haikufika. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona.

Kwanza tulidhani amekamatwa. Unajua wafungwa hapa hulishwa na jamaa zao, basi mkewe Leila alipika, akapeleka bakuli mahabusu na kutaja jina. Walilipokea, wakalirudisha tupu. Leila alirudi karibu anacheka: kama wamepokea, basi yumo. Nikawaza bila kumwambia kwamba hata askari huona njaa. Mara ya pili bakuli lilirudi na chakula chake.

Huenda aliuawa njiani. Hilo siwezi kuliandika kwa urefu. Nimezunguka hospitalini, nimeangalia nilichoonyeshwa, na hakuwa yeye.

Jirani yetu Mukandekezi ana lake. Alimwambia Leila uani, mbele ya wanawake wengine, "Fundi anayepima viuno vya watu kutwa, siku moja kipimo humnasa." Leila akamjibu, "Wako hata kipimo hana, na bado humwoni nyumbani." Walicheka. Mimi nilitamani Mukandekezi awe amesema kweli. Mwanamke wa nje angekuwa heri.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Twahiru, yule fundi anayeshona naye baraza moja, alinivuta pembeni baada ya sala ya Ijumaa. Unamjua Nasiri na mkasi wake wa vitambaa. Hamwazimi mtu, hata mimi aliwahi kunifukuza nao nilipotaka kukatia karatasi. Twahiru akaniambia, "Miaka yote namwomba ule mkasi ananitukana. Asubuhi ile kanipa mwenyewe, akasema nimtunzie." Anayepeleka suti na kurudi mchana hakabidhi mkasi wake. Basi alijua anaondoka.

Ningefurahi, Shangazi, lakini kwa wakubwa wa hapa kijana aliyeondoka kwa hiari yake amevuka mpaka kujiunga na wapiganaji, na nyumba aliyoiacha ni nyumba ya vibaraka. Viateur, konseye wetu, yaani diwani wa mtaa, alikuja kutupa pole na akaketi sana. Akamwuliza Mama kwa upole, "Mbona hamlii? Nyumba iliyofiwa huwa tunaisikia." Mama akajibu kwamba machozi yake huyaona Mungu. Viateur akanyanyuka, akasema, "Asiyelia anajua mtu wake yuko wapi."

Tangu hapo jamaa wanashikilia tusome hitima Ijumaa hii, tuweke matanga mtaa mzima usikie. Leila amekataa. Anasema hakai eda ya mtu ambaye hajamwona maiti. Habari ya mkasi sijamwambia, wala Mama sijamwambia. Asiyejua hawezi kuulizwa akajikwaa.

Twahiru amenikabidhi huo mkasi, sasa ninao mimi. Kama huko kwako amefika mtu anayeuhitaji, usiandike wala usitaje jina. Mwambie tu Cassien kwamba unaomba mkasi wa vitambaa. Atarudi hapa Alhamisi.

Akiuomba, nitamwambia Leila peke yake, na Ijumaa tutasoma hitima. Atavaa nguo za eda, na mimi nitalia kwa sauti mpaka Viateur anisikie kwake. Mungu atusamehe kumlilia aliye hai, maana hivyo ndivyo tutakavyowalinda walio hai.

Akirudi bila neno, hatutasoma. Naogopa, sikufichi. Lakini siwezi kumzika ndugu yangu ili konseye aridhike. Tutaendelea kupeleka bakuli, na wao waulize.

Nisalimie Mzee Munyakazi, na Mukunde na watoto wake. Mwambie Arthur asijaribu kuja likizo hii, hata akikasirika. Mama anakusalimu sana na anaomba dua zako.

Mungu akufunike wewe na kila aliye chini ya paa lako, uwe unamtaja au humtaji.

Ni mimi mwanao nikupendaye, ninayeingoja Alhamisi,

Shami