Boliti Moja ya Nyumba ya Mama

Isongole, Ileje,
20 Oktoba 2024.

Mpendwa kaka yangu Asajile,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Hujambo? Na wifi Elina je, kile kifua kimepona? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila mama ana kikohozi cha moshi, sababu yake nitakueleza. Mahindi mwaka huu yalikubali. Shangazi Jenista kila Jumapili tukitoka ibadani ananiuliza kama umenenepa, nami namjibu kwamba sijui, maana kweli sijui.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikigusa tu habari ya kurudi nyumbani, unasema mtandao unasumbua. Mimi si mtoto, kaka. Nimempa Mbonile, yule dereva wa lori aliyetuletea vyuma ulivyotuma vya nyumba ya mama, akirudi huko Kolwezi, Kongo, akukabidhi mkononi.

Vyuma vilifika salama. Mbonile alivivusha mpaka Tunduma, vikapakiwa kwenye Fuso hadi kwetu. Mama aliona kila chuma umekiandika herufi kwa rangi nyeupe, ili fundi ajue kipi kinakaa wapi. Kusoma kwenyewe kwa shida, lakini alizipapasa herufi zako zote, chuma hadi chuma, mpaka chakula cha jioni kikapoa.

Sasa usicheke. Kabla fundi Rubeni hajafika, mama na mimi tulivipaka vyuma vyote oili chafu, tuliyoiomba kwa vijana wa bodaboda, kama tunavyopaka nguzo za miti zisiliwe na mchwa. Tulipaka siku nzima huku tunaimba. Rubeni alipokuja akashika kichwa. Akasema mchwa hali chuma, adui wa chuma ni kutu, na rangi ya kuzuia kutu haikamati penye mafuta. Kwa ukungu huu wetu, akasema, vingeanza kuoza kabla hatujahamia. Basi tukaviosha vyote kwa sabuni ya unga na kuvianika kwenye nyasi kama masufuria. Majirani wakawa wanapita wanauliza harusi ni ya nani, mbona vyombo ni vikubwa hivyo.

Halafu Rubeni akavipanga vyuma kwa kufuata herufi zako, akapaka rangi yake nyekundu, na herufi zikapotea chini yake. Nililia, sikufichi. Rubeni alidhani rangi imeniingia machoni.

Nyumba imesimama, kaka. Nguzo zimekazwa kwenye zege, na kila kona ina vyuma vya mshazari vya kushindana na upepo. Ule upepo uliong'oa paa la marehemu baba mwezi wa tatu umekuja tena wiki iliyopita, na hakuna kilichotikisika. Umepita katikati ukipiga mluzi, ukaenda zake Malawi.

Lakini bati hata moja halijapanda, na kisa ni mama. Unakumbuka baba alivyosafiri kutoka Mbozi kwenda kupigilia msumari wa mwisho kwenye nyumba ya bibi, kwa sababu kwetu kazi hiyo ni ya mtoto wa kwanza. Mama anasema chuma hakina msumari, kina boliti, basi boliti ya mwisho ni yako. Ameichukua ile ya kona ya juu, upande jua linakotoka, ameifunga kwenye pindo la kanga yake. Rubeni amemweleza kwa upole kwamba sasa hivi upepo unapita tu, ila mabati yakishapanda utayainua, na kona hiyo isipokazwa nyumba yote itapinda. Mama akamjibu kwamba ndiyo maana mabati yasubiri.

Rubeni anazo boliti nyingine mfukoni. Tungeweza kumzunguka, lakini nani athubutu? Mchungaji alikuja kumshawishi, akanyweshwa chai na kuulizwa habari za ng'ombe wake, akaondoka hajasema lolote.

Kwa hiyo mama analala jikoni, kwenye moshi, tangu paa la baba liende. Mvua zikianza mwezi ujao, jiko lile halitamsitiri, linavuja kila upande. Kila asubuhi anaifungua boliti yako na kuipaka tone la mafuta ya kupikia, halafu anairudisha kwenye pindo. Kwa hilo Rubeni hana la kumsahihisha.

Nimekukumbuka mno, kaka. Tangu tulipomzika baba hatujakuona. Jioni nikimaliza kazi naingia ndani ya zile nguzo, nakaa pale patakapokuwa chumba chako, natazama mawingu kupitia juu. Shati lako la kazi uliloliacha bado lina harufu ya chuma kilichochomelewa. Sijalifua, na mama hajaniuliza kwa nini. Huko migodini unasimamisha majengo ya watu kwenye moshi wa asidi unaotafuna kila kitu, na hayaanguki, wanakusifu. Sisi tunafurahi. Ila tunaona wivu.

Jana nilimwambia mama nakuandikia, nikamwuliza nikupe ujumbe gani. Alichezea lile fundo la kanga. Kisha akasema, "Mwambie vyuma nimeviona, ahsante. Lakini sikumwomba vyuma. Nilimwomba aje."

Msalimie sana wifi Elina, mwambie chumba chenu kitakuwa na dirisha la kutazama bonde. Shangazi Jenista na Rubeni wanakusalimu. Mungu akufungulie njia, na mpakani upite salama.

Spana usibebe, Rubeni anayo. Wewe njoo na mikono yako tu, kabla ya mvua.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,
Tumpale.