Mwewe wa Saa Nne

Magarama, Gitega
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Venansi,

Pokea salamu zangu nyingi wewe, wifi na watoto wote hapo Muyinga. Natumaini barua hii itawakuta wazima, kikohozi cha mtoto wenu mdogo kimepoa, na maharage yameshika vizuri baada ya mvua mlizopata. Ukitaka kujua habari zetu, tunakula, tunalala, na cherehani yangu inazunguka. Mama anaendelea. Ni kuku wako tu ndio hawaendelei, na hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kwa nini naandika barua wakati simu ninayo. Nyumba yangu ni vyumba viwili, na mama anasikia kila kitu. Tena kuna jambo ambalo nikiisikia sauti yako tu nitaanza kulizungukazunguka, kama nilivyofanya tangu Januari. Sefu, yule dereva anayetuletea mizigo yako, ameahidi kukupa barua hii mkononi. Tafadhali isome yote kabla hujanikasirikia.

Unakumbuka Oktoba ulipompa Sefu kile kikapu, jogoo mmoja na mitetea watano, pamoja na ujumbe kwamba unaniragiza, kama tunavyosema kwa Kirundi. Sisi wengine tulirudi kutoka makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, tukiwa tumeisahau desturi hiyo, wewe ndiye uliyeishika: kuku wanabaki wako, kuwalea ni kazi yangu, vifaranga tunagawana. Nilifurahi sana. Nilijua pia, na niruhusu niseme, kwamba kuku wale walikuja badala yako. Tangu siku ile ya Juni ulipoingia hospitalini kumwona mama baada ya kiharusi, naye akakutazama kama mtu aliyekosea chumba, hujakanyaga tena Gitega. Sikukulaumu. Mimi nilimtoa nyumbani kwake Makebuko nikaja naye hapa nikidhani nitakaa na mama, lakini upande wake wa kulia ulikuwa umelala na ulimi umefungwa. Nilimsemesha Kirundi, nikamsemesha Kiswahili chetu cha Mishamo, nikamwimbia nyimbo za kwaya mpaka majirani wakazijua. Yeye alitazama ukuta. Miezi mitano, kaka, hakutoa neno hata moja.

Mwanzoni mwa Novemba mitetea wawili waliangua, na siku chache baadaye mwewe akatufahamu. Anakaa juu ya mikaratusi nyuma ya duka la Shamina, yule jirani yangu wa ukoo wa akina Kassam anayeuza ndoo, kamba na vyombo vya plastiki. Mgongo wake ni mweusi, kifua cheupe, na macho yake sijui niseme nini. Kifaranga cha kwanza kilipotea nikadhani ni paka. Cha pili nilikiona kikipaa.

Nikakumbuka tulivyofanya Mishamo. Nikanunua kwa Shamina rangi ya mikeka, ile ya waridi, nikawachovya vifaranga wote mmoja mmoja ili mwewe awaogope, mikono yangu ikabaki ya waridi hadi Jumapili nikaenda nayo kanisani. Watu wa hapa hawana habari na jambo hilo. Bibi mmoja alisimama getini akaniuliza kwa heshima kubwa kama ni ugonjwa unaoambukiza. Mwewe naye alikaa juu siku mbili akiwatazama na kufikiri, siku ya tatu akashuka akamchukua yule aliyekolea kuliko wote. Shamina alicheka mpaka akashika mlango. Akaniambia, “We Jeska, umemupambia chakula yake. Hii ndege iko inakuja saa ine juste, kama mutu wa biro.” Na kweli, kama mtu wa ofisini, saa nne kamili ndiyo saa yake, jua likishaingia uani vizuri.

Sasa nisikilize. Siku moja mwishoni mwa Novemba nilikuwa nasugua sakafu ya chumba cha mama, nikambeba na kiti chake nikamweka kwenye mlango wa nyuma, apate jua. Ilikuwa saa nne, nami nimetoka uani na ndoo. Sikumwona mwewe akija, nilimsikia, ile sauti ya kitambaa kinapochanwa kwa nguvu, na papo hapo akawa ameshuka katikati ya uwanja. Ndipo nyuma yangu mtu akapiga kelele: “Huyooo!”

Niligeuka nikidhani Shamina ameingia. Hapakuwa na mtu. Mama alikuwa ameinua mkono wa kushoto juu ya kichwa, mdomo uko wazi, na ile sauti bado iko hewani. Ndoo iliniponyoka. Kaka, nilipiga magoti pale pale kwenye maji ya sabuni.

Unajua alikotoa neno lile. Alituhadithia mara mia, na sisi tukimcheka, kwamba alipokuwa na miaka tisa kule Mishamo kazi yake ilikuwa kulinda vifaranga wakati wakubwa wako kwenye tumbaku. Akizembea kifaranga kikachukuliwa, bibi yake hampi mboga siku hiyo. Mambo ya ubongo siyajui. Ninachojua ni kwamba majina yetu yalipotea, sala ya Baba Yetu ilipotea, jina la baba Simoni, ambaye aliishi naye miaka thelathini na minne, lilipotea, lakini ile kazi ya utoto ilikuwa imekaa mahali ambapo kiharusi hakikufika.

Saa ile nilitaka kukupigia. Nikajizuia, nikasema nisikupe tumaini kwa neno moja. Kesho yake nilimtoa tena nje. Mwewe hakuja, na mama hakusema. Siku ya tatu mwewe akaja, na mama akapaza sauti tena, “Huyoo, mwewe!” Alipotulia akaomba uji. Akasema uji, kaka, wazi kabisa, na nilipomletea akaonja akasema chumvi. Alikaa akitamka vitu vya uani kimoja kimoja hadi mchana: moto, ndizi, jogoo, mvua. Nilimfuata kila neno kama anayeokota shanga zilizomwagika. Jua lilipopinduka akanyamaza, na kesho yake akarudi kwenye ukuta.

Nilijaribu njia nyingine zote, usidhani sikujaribu. Nilipiga kelele ya mwewe mimi mwenyewe, nikatikisa khanga nyeusi juu ya kuku, nikamwekea mapajani unyoya nilioukuta chini. Aliutazama ule unyoya, kisha akanitazama mimi kwa namna iliyonifanya nione aibu. Hadanganyiki. Anataka mwewe mwenyewe.

Siku nyingine mwewe alimwangusha mtetea mzima na kushindwa kumbeba, akala pale pale chini. Nilisimama hatua nne kutoka kwake, mwiko mkononi. Aliniinulia uso, macho ya manjano, wala hakukimbia. Sijawahi kutazamwa hivyo na kiumbe chochote. Sikuona ubaya ndani yake wala huruma. Nilijiona mdogo, kama siku ile ya radi kule Mishamo ilipopasua mti mbele yetu. Na nyuma yangu mama alikuwa anasema, anasema, anamtukana mwewe matusi ya kitoto ambayo sikujua kwamba anayajua. Nilicheka huku nalia. Nilishusha mwiko.

Januari nilikwambia kwamba kuku wamekwisha, ukaumia, na bado kwa moyo wako ukatuma wengine wanne. Ukaniagiza ninunue wavu nifunike uwanja wote, na kila uliponipigia uliuliza kama umekaza sawasawa. Nilikujibu ndiyo. Nilikwambia hata kamba nilizotumia.

Hapa ndipo penye neno langu. Wavu niliununua kweli, kwa Shamina. Upo chini ya cherehani, umekunjwa kama ulivyotoka dukani, haujawahi kuona jua. Kuku wako hawakuibiwa na mwewe, Venansi. Mimi ndiye niliyempa. Ikifika saa tatu na nusu namweka mama mlangoni, nafungua banda, nawafukuza kuku kutoka kwenye kivuli cha migomba na kuwamwagia mahindi katikati ya uwanja, mahali peupe. Kisha nakaa kwenye cherehani na kuomba. Namwomba Mungu, aliyeumba mwewe na kuku pia, amlete mwewe. Siku asipokuja nahisi kama nimenyimwa riziki. Shamina aligundua kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuja na kikombe chake cha chai, akakaa nami, akamsikiliza mama akiita vitu kwa majina. Hakunicheka tena. Aliniuliza tu kama wewe unajua.

Kuku ni wako na uliniamini. Ningekuwa nimewala au kuwauza ningekuwa na haya kidogo kuliko hizi nilizo nazo, maana nilikuwa nakudanganya huku unanitakia mema. Naomba unisamehe. Lakini sitaki kukudanganya mara ya pili: ningerudi nyuma ningefanya vile vile.

Alhamisi iliyopita alikuwa amebaki mmoja, yule kishingo mwekundu aliyekuwa ananifuata mpaka jikoni. Nilimbeba mwenyewe. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu, nikamweka kwenye mwanga, nikaondoka bila kugeuka. Mwewe hakukawia. Niliposikia ile sauti ya kuchanika niligeuka kumtazama mama, maana ndiye ninayemtazama siku hizi, si ndege.

Alikuwa amesimama. Sijui alijiinuaje. Mkono wa kushoto umeshika mwimo wa mlango, mguu wa kulia unatetemeka kama wa ndama, na sauti iliyomtoka ilifika barabarani, watu wakasimama. Alimfuata mwewe kwa macho mpaka akapotea nyuma ya mikaratusi. Nilimkimbilia, nikamkalisha, nikamfuta jasho. Akanishika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu Juni akaniita Jeska. Kisha akaniuliza kwa Kirundi, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, kuku hawa walikuwa wa nani.

Nikamjibu, “Ni wa Venansi, mwanao, yuko Muyinga.”

Akayatazama manyoya yaliyobaki uwanjani. Nilidhani maneno yamemwisha. Halafu akasema: “Basi aje awalinde mwenyewe.”

Tangu hapo hajasema tena. Leo ni siku ya tatu. Ijumaa mwewe alikuja kwa saa yake, akakaa juu, akautazama uwanja mtupu, akaondoka. Mama alimwona vizuri, nami nilimtazama yeye nikingoja, lakini hakufungua mdomo. Kuku wa kulindwa hawapo tena. Ninaogopa, kaka. Ninaogopa kwamba neno lile lilikuwa la mwisho alilokuwa nalo, na kwamba alilituma kwako.

Najua unachoogopa wewe. Unaogopa kuingia tena mlangoni akakutazama kama mgeni. Inawezekana akafanya hivyo, siwezi kukuahidi lolote. Lakini alipolisikia jina lako hakuuliza Venansi ni nani.

Basi kuku usitume. Panda gari la Sefu la Jumatano, uje mikono mitupu. Nitakuwekea kiti mlangoni kando ya chake.

Nisalimie wifi, mwambie lile gauni lake liko tayari, utarudi nalo. Wabusu watoto. Mungu akulinde njiani, na akujalie moyo wa kunisamehe kabla hujafika, kwa sababu nyumba ni ndogo na hatutakuwa na pa kugombania.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Jeska