Kabla Saruji ya Kaburi Lako Haijakauka

Fundi,

Shikamoo. Miaka kumi na sita sikuwahi kuingia karakana yako pale Maji ya Chai bila kukuamkia, hata siku nilizokuwa nimekununia. Na siku hizo zilikuwa nyingi kuliko ulivyojua.

Tangu uondoke, maduka ya mjini yamejaa magitaa ya kutoka nje. Biashara zimefunguliwa, kila kitu ruksa, na vijana wa bendi hawaulizi tena kama mbao ya mringaringa imekauka. Watu wa kwaya bado wanakuja. Wanasimama mlangoni, wananitazama, halafu wanauliza kama yamebaki yale ya Elisaria. Shingo nimechonga mimi, vanishi nimepaka mimi, wewe uko chini ya udongo, na bado ni ya Elisaria.

Niseme wazi basi. Nilikuonea wivu, Fundi. Nilikuonea wivu ulipochukua bomba bovu la shaba ukatengeneza funguo za kukazia nyuzi, zikawa hazitelezi. Nilikuonea wivu ulipoweka skrubu mbili chini ya daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi, ili nyuzi zipande na kushuka mpigaji anavyotaka. Lakini kilichonila hasa ni ile fimbo ya breki.

Unakumbuka kila masika shingo za magitaa zilivyokuwa zinapinda, nyuzi zikainuka, na wapigaji wa kwaya wakija kutuonyesha vidole vilivyochubuka. Mimi nilihangaika na gundi, nikajaribu mbao nene. Wewe ukaja asubuhi moja na baiskeli isiyo na breki. Fimbo yake ya breki ukaizamisha ndani ya shingo ya gitaa, nati ukaielekeza kwenye tundu la sauti, ukazungusha kwa spana, na shingo ikanyooka tukiiangalia. Ukasema tu, "Sasa mvua inyeshe." Wiki nzima ulishuka nayo baiskeli ile mpaka Kikwe, ukibreki kwa soli ya kiatu, watu wakikucheka. Nami nikatamani wangekuwa wananicheka mimi.

Ndiyo maana siku ile nilikuja mbio kitandani kwako na gitaa la dukani. Nilikuwa nimefungua kifuniko cha plastiki pale kichwani nikakuta nati, na ndani ya shingo fimbo ya chuma. Wenzetu wa nje walikuwa nayo zamani. Njia nzima kutoka mjini moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Nilitaka nione uso wako ukianguka, mgonjwa ulivyokuwa. Mungu anisamehe.

Ukavaa miwani, ukaigusa ile nati, ukacheka mpaka ukakohoa. "Kumbe na wao walisumbuliwa na mvua." Halafu ukasema, "Nati yao imekaa pazuri kuliko yetu. Nikipata nafuu tuihamishe." Ulisema yetu. Siku ile sikulisikia neno hilo, nilikisikia kicheko tu, nikaondoka nimevimba.

Hukupata nafuu. Mchungaji akatafuta mtu wa kuandika wasifu wako wa kusomwa msibani, na mkeo, Mama Neema, akanitaja mimi. "Wewe ndiye uliyekaa naye, Aminieli. Andika unavyomjua." Nikaandika ubatizo wako, ndoa yako, watoto wako. Nilipofika kwenye kazi yako kalamu ikagoma. Nikaandika: alikuwa seremala.

Basi. Seremala, kama wale wanaotengeneza vitanda. Funguo sikuzitaja, wala daraja, wala fimbo. Niliisoma mwenyewe mbele ya jeneza, usharika mzima ukisikiliza. Mama Neema aliinua kichwa akanitazama, kisha akainamisha. Hajaniuliza mpaka leo, na heri angeniuliza.

Nilidhani maneno ya msibani hupita. Sasa wanao wanajengea kaburi, na jana mwashi alinionyesha atakachochora kwenye saruji. Amekinakili kutoka karatasi yangu. Jina lako, miaka yako, na chini yake SEREMALA. Kila atakayepita hapo atasoma wivu wangu akidhani ni kazi yako.

Nilimwomba asubiri. Asubuhi hii nikaenda kwa Mama Neema, nikakataa chai, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Mwisho akasema, "Nilijua. Na yeye alijua una wivu. Alikuwa anasema ndio unaokufanya uchonge vizuri." Hapo ndipo nilipolia, Fundi, na sehemu ya kilio kile ilikuwa hasira, kwamba hata hilo ulinitangulia kuligundua.

Jumamosi saruji itakandwa. Nitakuwepo nikiwa na karatasi mpya: FUNDI WA MAGITAA. ALINYOOSHA SHINGO ZILIZOPINDA NA MVUA. Siku ya ibada ya shukrani nitausoma wasifu upya, na safari hii nitaanza na baiskeli. Nilijaribu kuchomeka jina langu mahali, hata kwa herufi ndogo. Nimelifuta mara mbili. Halitakuwepo.

Gitaa la usharika nimeshalifungua, naihamishia nati kichwani kama ulivyotaka. Wakiniuliza ni wazo la nani nitasema ni lako, na nitaumia kusema, lakini nitasema.

Pumzika, Fundi. Mvua zimeanza huku mlimani, na shingo zako zote zimenyooka.

Aminieli