Damu Uliyonitolea

Pacha wangu,

Huku chini, kwenye mgodi wa zamani tunamofanyia utafiti, hatujambo. Pampu imetengenezwa, na tangi letu la maji linaendelea kunasa neutrino, chembe ndogo mno zitokazo juani. Profesa anasema hapo mwanzo wa ulimwengu hazikuwa na uzito. Ulinganifu wa nguvu za asili ulipovunjika ndipo kila moja ikapata uzito wake, na tangu hapo hutoka huko zikiwa aina hii, zikafika kwetu ni nyingine. Nilicheka, nikakumbuka Mama alivyokuwa akikunywesha wewe dawa yangu.

Sasa kaa chini. Kwenye simu ulimi uligoma. Unakumbuka nilivyokwepa sindano, ukaenda kupimwa damu kwa jina langu ili nisifukuzwe kazi? Majibu yametoka. Daktari alifunga mlango kwanza, kisha akaniambia ni saratani ya damu. Wenzangu wananipa pole, nami naitikia.

Juzi nilijikaza nikatolewa damu yangu, nikiomba tufanane kwa hili pia. Ni safi. Daktari akanipongeza, akasema kile kipimo cha kwanza kilikosewa.

Panda basi la kwanza. Na ukifika kwake, safari hii taja jina lako.

Ni mimi, mwoga wako.